Watoto 213 wa Bwana P.N.C.

Jumanne, 30 Aprili

Leo nimeanza kuutafuta ukoo wangu. Naandika kwa uangalifu, maana siku moja watu watataka kujua ilianzaje.

Ilianza na mahema. Saa tatu asubuhi wanaume wanne wanashusha vyuma mbele ya geti langu. Sikuulizwa! Mkutano wa ukoo wa Roncal ni Jumamosi ya wiki ijayo, lakini Anselmo Roncal hupenda kuanza mapema ili mtaa mzima upate muda wa kujiona mdogo. Anselmo ni jirani yangu, nyumba ya ng'ambo ya njia. Tulikaa dawati moja shule ya msingi. Sasa yeye ni mwenyekiti wa kamati ya ukoo. Mimi ni mtu ambaye geti lake linazibwa.

Kila mwaka ni hivyohivyo. Akina Roncal mia tatu, fulana za rangi moja, jina mgongoni. Nguruwe watatu wa kuchoma. Jioni wakishashiba wanamtuma mtu na sahani iliyofunikwa: Manoy Panyong, hii yako, tumekukumbuka. Manoy ni kaka, na Panyong ni mimi. Nakula nikiwa nimesimama jikoni. Tambi zimepoa. Ngozi ya nguruwe imelegea kama soksi.

Mwaka huu siipokei. Mwaka huu nakaa mezani.

Miaka thelathini na miwili nimesoma mita za maji za Santa Rufina. Kila geti nalijua. Kila mbwa ananijua. Sebule nilizoingia hazifiki kumi. Mke sikuoa, mama alishafariki, ndugu sikupata. Rentoy katika mji huu amebaki mmoja, ndiye anayeandika hapa.

Lakini hebu fikiri. Wahispania walipogawa majina ya ukoo hapa Ufilipino waligawa kwa kurasa, na mji wetu ukapewa ukurasa wa R. Roncal, Rosal, Rebuya, Rentoy. Tulikuwa ukurasa mmoja! Watu wa ukurasa mmoja wanakosaje kuwa ndugu?

Nitathibitisha. Nina simu.


Jumatano, 1 Mei

Sikukuu. Joto la kukaangia yai. Nimekaa mbele ya feni na simu tangu asubuhi.

Mambo ya siku hizi ni ya ajabu. Vitabu vyote vya ubatizo vya parokia yetu vimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, ukurasa kwa ukurasa, hadi madoa ya nta ya mshumaa yanaonekana. Juu yake kuna programu inayosoma mwandiko wa kale. Unaiandikia jina, inatafuta yenyewe. Inazungushazunguka kiduara, halafu inakuletea wafu.

Nimeandika: Rentoy.

Kiduara kikazunguka. Umeme ukakatika. Feni ikafa.

Umeme uliporudi nikaandika tena. Imeleta Rentoy sita. Sita! Sikuwahi kuona jina langu likiwa na wenzake. Nimeyaangalia mpaka chakula cha mchana kikaungua.


Ijumaa, 3 Mei

USHINDI!

Nimempata baba yake babu yangu. Marcelino Rentoy, amebatizwa Novemba 1884. Mama: Petrona Rentoy. Baba: P.N.C.

Nilidhani wino umefifia. Nikaikuza picha. Hapana, wazi kabisa: P.N.C. Basi Marcelino alichukua jina la mama yake. Kwa nini? Kwa sababu baba alikuwa mtu mkubwa ambaye jina lake halikuandikwa lote! Watu wadogo huandikwa majina kamili. Mimi kwenye kitambulisho nimeandikwa Epifanio Dimaculangan Rentoy, herufi zote, hakuna aliyeona haja ya kunifupisha.

Nikaiuliza programu: nionyeshe watoto wote wa P.N.C.

Kiduara. Kiduara. Kiduara.

Watoto 213.

Nimeweka simu chini. Nimekunywa maji. Nimeichukua tena. Bado ni 213. Kuanzia 1849 hadi 1896. Mama tofauti karibu kila mara. Miaka arobaini na saba huyu bwana hakupumzika!

Kwa dakika moja nilifikiri P ni ya Padri. Nikafanya ishara ya msalaba na kuliacha wazo hilo.

Programu ikachora mti. Chini kabisa mimi, peke yangu. Juu P.N.C., na pande zote watoto, watoto, watoto, mpaka inabidi usogeze kidole mara kumi na nne kuwamaliza. Nimewasoma kwa sauti. Benigna. Hilario. Escolastica. Mapacha, Cosme na Damiana. Nimeegemeza simu kwenye chupa ya siki nikala nao. Shikamoo, shangazi Benigna. Samaki ametiwa chumvi kidogo zaidi, mniwie radhi.

Chakula kimeshuka vizuri kuliko siku zote.


Jumapili, 5 Mei

Nimejua P.N.C. ni nani.

Nilikuwa kanisani, nakodolea macho bamba la shukrani ukutani. Limeandikwa: Don Primitivo Narciso Roncal, aliyetoa kengele. Mkuu wa ukoo, tena Don, yaani bwana mkubwa! Baba wa akina Roncal wote! Primitivo: P. Narciso: N. Imebaki hiyo C. Na C ni nini kama si R ambayo karani aliichoka katikati?

Karibu nipige kelele wakati wa komunyo.

Baada ya misa nikaenda ofisi ya parokia kwa Manay Sabel, yaani dada Sabel. Yeye ni karani wa parokia, mjane, ana miwani mizito kama vitako vya glasi, na vile vitabu vya kale vyenyewe viko kabatini kwake. Sikumweleza mpango wangu. Mtu mwerevu hafunui karata. Nikamwuliza tu kama katika vitabu vile R inaweza kufanana na C.

Akacheka. Akasema kwa mwandiko wa makarani wale chochote kinaweza kufanana na chochote. Akauliza natafuta nini, labda anisaidie. Nikasema natafuta tu kupoteza muda. Akasema basi njoo uupotezee hapa, Manoy, macho yangu yamechoka na kuna kurasa elfu moja zinangoja kunakiliwa.

Nikamwambia mimi ni mtu wa shughuli nyingi.

Alitaka kusema jambo jingine juu ya vile vitabu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.


Jumatatu, 6 Mei

Anselmo alikuja kuomba aunganishe waya wa taa kwenye nguzo yangu. Nikamwambia sawa, kati ya ndugu hakuna shida.

Akauliza ndugu gani.

Nikatabasamu tu. Nilijizoeza tabasamu hilo mbele ya kioo.

Akaniuliza kama jino linaniuma.


Alhamisi, 9 Mei

Siku ya kazi nzito.

Kwanza bango. Nimeuchapisha mti mzima kwenye turubai la mita tisa. Mwanamke wa duka la mabango aliuliza mara tatu kama nina hakika. Alisema hata wagombea ubunge hawachukui mita tisa. Nikamwambia wagombea ubunge hawana watoto 213. Akasema hilo halijui.

Pili fulana. Akina Roncal kila mwaka huvaa zambarau. Nimepata ya zambarau, nimebandika herufi mgongoni kwa pasi. RONCAL-RENTOY. Herufi ya mwisho imeungua kidogo, inasomeka RONCAL-RENTO. Ukivuta bega haionekani.

Tatu hotuba. Nimeandika hotuba ya dakika ishirini. Mwishoni nitalia. Nimefanya majaribio, machozi yanakuja yenyewe. Yamekuja hata nilipoacha majaribio.


Jumamosi, 11 Mei

Naandika kwa sababu nimejiwekea sharti la kuandika kila jambo. Laiti ningejiwekea sharti jingine.

Nilitoka getini saa sita mchana. Fulana yangu ya zambarau, bango limekunjwa begani kama mkeka. Nikaingia chini ya mahema.

Wote wamevaa njano.

Mwaka huu wamebadilisha! Watu mia tatu wa njano, na mimi katikati kama bilinganya sokoni kwenye fungu la ndizi. Nikavuta bega nikaendelea kutembea. Mtu aliyezaliwa humu hageuki nyuma kwa sababu ya rangi.

Nikakaa kwenye kiti cha kwanza kilichokuwa wazi. Kumbe ni karibu na Tiya Visitacion, shangazi yao mzee kuliko wote, miaka tisini na minne, masikio hayasikii tena ila ukipiga kelele. Akanitazama uso kwa muda mrefu. Akasema nimekonda. Akachukua kipande cha ngozi ya nguruwe, kile kikavu cha kwenye mgongo, akakiweka kwenye sahani yangu kwa mkono wake.

"Wewe wa nani, mwanangu?" akauliza.

"Wa Don Primitivo!" nikapaza sauti.

"Sote wa Don Primitivo," akasema. "Kula."

Nikala. Nimekaa. Tambi zilikuwa za moto. Upande wa kushoto jamaa mmoja kutoka mji wa Naga akaniomba nimsogezee siki, akaniita manoy, akanisimulia habari za goti lake lililopasuliwa. Nikamsimulia la kwangu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Karibu nusu saa nzima nilikuwa mtu mezani, kama mtu mwingine yeyote.

Ningeishia hapo. Naliona sasa. Lakini nilikuwa na bango la mita tisa!

Walipomaliza kuimba wimbo wa tatu nikachukua kipaza sauti. Nikasema ndugu zangu. Nikawaomba wanaume wawili wanishikie ncha za bango. Likafunguka, likafunguka, likapita meza ya kamati, likapita keki, ncha yake ikaishia kwenye maparachichi. Nikawatangazia kwamba teknolojia imethibitisha. Kwamba Don Primitivo hakuwa na watoto saba tu kama wanavyosema. Alikuwa nao mia mbili na ishirini!

Mtu angeweza kusikia mafuta yakidondoka kwenye makaa.

Anselmo akasimama. Uso wake ulikuwa na rangi ya yule nguruwe.

"Panyong," akasema, "babu yetu alikuwa na mke mmoja na ugonjwa wa pumu."

"Pumu! Sasa tumejua aliipataje!" mtu akadakia kule nyuma, na meza nzima ya vijana ikalipuka.

"Mwaka 1849 alikuwa na miaka minane!" akafoka mwingine. "Panyong, alianza na maziwa mdomoni?"

Nikajibu kwamba wakati ule watu walikua haraka. Nikawaonyesha herufi. P.N.R.! Nikawaambia watazame wenyewe.

Hapo akaja Manay Sabel. Alikuwa mgeni wa kamati, amekaa meza ya wafadhili wa kanisa. Akanishika kiwiko taratibu, akaninong'oneza sikioni ili nisiaibike. Ila kipaza sauti nilikuwa nimekishika chini ya kidevu, na kilikuwa wazi.

"Manoy, hiyo si R. Na si mtu. Ni padre no conocido. Karani alikuwa anafupisha. Baba hajulikani."

Baba hajulikani. Ikatoka kwenye spika nne, ikaenda mpaka soko la samaki.

Sijui kicheko kilidumu kwa muda gani. Nilisikia mtu akiniita Don Hajulikani. Nilisikia mwingine akiuliza kama watoto wote 213 nao wanakuja kula. Jamaa wa Naga alikuwa anacheka huku ameshika goti. Hata Anselmo hakuweza kujizuia, ingawa yeye aligeuka pembeni, namshukuru kwa hilo.

Tiya Visitacion hakuwa amesikia. Akamvuta msichana wake wa kumhudumia, akauliza wanacheka nini. Yule akamwelezea sikioni. Bibi akanitazama tena uso, kwa huruma kabisa, akauliza kwa ile sauti yao viziwi:

"Kwa hiyo si wa mtu?"

Nilikunja bango langu. Mita tisa huchukua muda mrefu kukunja wakati watu wanakutazama.

Jioni sahani ililetwa. Niliipokea.


Jumapili, 12 Mei

Sikwenda misa.

Wanabomoa mahema. Kila kinachogonga kinagonga kichwani. Kuna mtu amepita akasema habari za asubuhi, Don. Nikafunga dirisha. Joto likanishinda, nikafungua. Akapita mwingine.

Nimeutazama mti kwenye simu. Programu haina habari ya yaliyotokea, bado inanipongeza kwa jamaa 213. Nimewapitia tena. Benigna hakuwa dada yake Hilario. Hilario hakuwa kaka yake mtu. Mapacha tu ndio wana uhakika wa kitu. Watu 213 ambao karani hakuwapa hata neno zima, aliwapa herufi tatu. Mimi niliwapa baba mmoja kwa siku nane. Sasa nimewanyang'anya.

Nimekula mbele ya feni. Simu nimeilaza kifudifudi.


Jumatatu, 13 Mei

Manay Sabel amekuja. Nilidhani ni mtu wa kunitania, nikajifanya sipo. Akasema kupitia dirishani kwamba anaviona vidole vyangu vya miguu.

Alileta bakuli la majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui na pilipili, na karatasi aliyoinakili kwa mkono. Akakaa. Hakuna mtu aliyekaa kwenye kile kiti tangu mama. Akasema nilikosea mahali pa kutafuta. Nilimfuata baba ambaye hayupo nikamruka mama ambaye yupo.

Akanisomea. Petrona Rentoy, mama yake Marcelino. Yumo kwenye vitabu mara kumi na mbili. Mara moja anamleta mtoto wake. Mara kumi na moja amesimama kama mama wa ubatizo wa watoto wengine, na wote kumi na mmoja ni P.N.C. Manay Sabel anasema wale mama walikuwa wakienda kanisani bila mtu wa kusimama nao. Basi Petrona alikuwa anasimama. Miaka kumi na tisa, mvua na jua.

Nikaanza kula yale majani. Pilipili ilikuwa kali.

Halafu nikamwuliza kama kuna uwezekano kwamba Petrona alikuwa Doña, Don wa kike.

Manay Sabel akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema alikuwa mfumaji wa mikeka.

Akaendelea. Marcelino alipata wana wawili: Fausto, babu yangu, na Silvestre, ambaye alikwenda Daraga kufanya kazi ya katani akapotea vitabuni. Akasema huyo ndiye wa kumtafuta. Akachukua simu yangu, akanilazimisha niandike kwenye ukurasa wa watu wa mkoa wetu wa Bikol wanaotafuta ndugu. Akasema niandike sentensi moja tu. Niliandika: Natafuta wazao wa Don Silvestre Rentoy. Akanifutisha "Don". Nikairudisha alipogeuka. Akaiona. Akaifuta mwenyewe.

Wakati wa kuondoka akaniambia Alhamisi saa nane anafungua vitabu, na kuna viti viwili.


Jumatano, 15 Mei

Anselmo kabla ya chai. Alisimama getini akichezea funguo. Akasema vijana walivuka mpaka Jumamosi, samahani. Akasema na yeye alicheka, samahani kwa hilo pia. Halafu akasema leo anapanda basi la Manila, binti yake anajifungua, atakaa wiki mbili. Akaniuliza kama naweza kumlishia mbwa na kumwagilia okidi. Akasema mtaa huu mzima hana mwingine wa kumwachia nyumba.

Nikachukua funguo. Sikumwambia kwamba dawati lile letu nalikumbuka vizuri. Nilitaka kumwambia. Basi halingoji.

Nikarudi ndani. Simu ilikuwa na ujumbe. Naunakili wote:

"Mimi ni Ludivina Rentoy, mjukuu wa Silvestre. Nashona nguo Daraga. Nimeandika jina letu kwenye simu kila Jumapili kwa miaka sita na sikuwahi kupata jibu. Mume wangu amefariki, watoto hatukupata. Nilidhani nimebaki mimi tu. Wewe ni nani, manoy? Unaishi na nani? Unakula na nani?"

Daraga! Ni saa moja kwa basi dogo. Nimekwenda Daraga mara mia kununua gasketi za mita. Huenda nimepita mbele ya cherehani yake.

Nimeusoma ujumbe mpaka skrini ikazima. Nikaiwasha nikausoma tena. Babu yake na babu yangu walikuwa tumbo moja. Kuna mtu.

Nikaandika: Nakula peke yangu.

Nikaitazama sentensi hiyo. Ilikuwa fupi mno. Ilionekana kama mtu asiyestahili kutembelewa. Nikaifuta.

Nikaandika: Nilikuwa msoma mita. Nikaifuta.

Nikaandika: Karibu sana, dada. Hiyo nimeiacha.


Alhamisi, 16 Mei

Niandike ukweli hapa, maana huko kwingine umenishinda.

Nimemwambia Ludivina kwamba mimi ni Don Epifanio, mwenye nyumba ya ghorofa Santa Rufina, minazi kadhaa, na okidi. Na kwamba huwa nakula na wageni tofautitofauti, inategemea.

Ilianza na okidi. Aliuliza nafanya nini asubuhi, nikasema namwagilia okidi, jambo ambalo ni kweli kabisa! Akasema okidi ni maua ya matajiri. Nikaona haya kumpinga.

Amejibu kwamba hakujua ukoo wetu una watu wa aina hiyo. Anaogopa kunitia aibu, hana gauni la maana. Anashona moja. La bluu. Anakuja Jumapili na bibingka, ile keki ya mchele, kama Don hula bibingka.

Nimemwandikia kwamba Don hula.

Kifua kimenibana kidogo niliposoma habari ya gauni. Nadhani ni ile pilipili ya Jumatatu.

Saa nane ilipita. Sikwenda kwenye vitabu. Nilikuwa napiga hesabu ya vyumba vya Anselmo.


Jumamosi, 18 Mei

Naandika kutoka ghorofani kwa Anselmo. Upepo mzuri huku juu! Mtu anaona nyumba yangu yote, hadi kutu ya bati na ile ndoo niliyotega pale paa linapovuja. Nitafunga mapazia ya upande huo.

Matayarisho yanakwenda barabara. Nimetoa viatu vya Anselmo mlangoni nikaweka vyangu. Mbwa ni tatizo. Miaka thelathini na miwili ya mbwa, na wote wametangaziana. Nimemfungia bafuni na mfupa. Ludivina akiuliza nitasema ni jirani, ana kikohozi.

Manay Sabel alipita njiani asubuhi. Alipiga hodi kwangu, akangoja, akapiga tena. Akachungulia dirishani kutafuta vidole vyangu vya miguu. Alikuwa na kitabu kikubwa kimefungwa kwa khanga, na mwavuli. Nilisimama nyuma ya pazia la Anselmo bila kupumua. Nilitaka kumwita. Nilitaka kumwambia kwamba nimempata mtu, kwamba ana jina langu, kwamba anashona. Lakini Manay Sabel ni mtu wa sentensi moja. Angefuta kila kitu. Akangoja kidogo kwenye kivuli cha ukuta, akaenda zake.

Nitamweleza baadaye. Jumapili ikipita salama nitamwambia Ludivina kwamba nimeiuza nyumba. Au imeungua. Kuungua ni bora zaidi, kutaeleza kila kitu na nitaonewa huruma. Halafu Anselmo akirudi nitamwomba aseme yeye ndiye mnunuzi. Au mzimamoto. Mpango hauna tundu hata moja.

Kimebaki kitu kidogo, picha za wazee wa Roncal sebuleni. Wako watano, wamepangwa juu ya piano kwa fremu za dhahabu, na majina chini. Nimepanda kiti nimewashusha wanne nikawaweka chini ya kitanda, uso chini, kwa heshima.

Wa tano ana pua kama yangu. Huyo nimemwacha. Jina nimelizibia na karatasi.